Kisima Walichopewa Wareno

Harufu ya iliki ikichanganyika na moshi wa vifuu vya nazi hunirudisha mpaka leo kwenye baraza ya ukumbi mmoja wa Tanga mjini, mchana, jua likiwa utosini. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba yangu alilima minazi Kigombe, na ili nipate kusoma alinileta mjini nikae Ngamiani kwa dada yake, Shangazi Mwanakombo. Kila Alhamisi shangazi alipika vitumbua kwenye baraza ile, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya mihadhara. Baada ya sala ya adhuhuri, katika saa ya mapumziko, makarani, mafundi cherehani, wapagazi wa bandarini na yeyote aliyependa waliingia bila kulipa, wakakaa kwenye mabenchi na chakula mikononi, wakasikiliza habari za pwani yetu: miji iliyokufa, asili ya ngoma, majina ya mitaa. Aliyezungumza ni Mwalimu Hemedi, mzee mrefu aliyestaafu kazi ya ualimu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze wenyewe. Wanawake hawakukatazwa kuingia, ila hawakuwa wakiingia. Shangazi alisikilizia dirishani, mkono mmoja ukigeuza vitumbua, na jioni alinisimulia mhadhara mzima tangu mwanzo, kana kwamba mimi sikuwepo.

Alhamisi moja mwalimu alizungumzia visima vya zamani. Alipofika Kigombe, alisema kile kisima cha mawe kilicho nyuma ya minazi kilichimbwa na Wareno, kwani wenyeji wa wakati ule hawakuwa na ujuzi wa kujenga kwa mawe chini ya ardhi. Akaongeza kwamba mihadhara yake yote ilikuwa inakusanywa iwe kitabu kidogo cha shule, na maandishi yangepelekwa kupigwa chapa mara tu Ramadhani ikiingia. Zilikuwa zimebaki Alhamisi mbili. Nilisikia harufu ya kuungua, nikatazama, nikaona vitumbua vimekuwa vyeusi na shangazi ameshika upawa hewani. Sikuwahi kumwona akiunguza kitu. Tulipofika nyumbani alinikalisha mkekani akanieleza. Kisima kile kilichimbwa kwa amri ya Mwana Hadia, bibi wa bibi yake, baada ya mwaka wa kiangazi kikali uliowaua watoto wawili wa mtaani kwake. Aliuza bangili zake zote, akaita mafundi wa mawe, na maji akayatoa sabili, yaani bure kwa njia ya Mungu, kwa kila apitaye. Shangazi aliniuliza kama kitabu cha shule kingefika hata darasani kwetu. Nikamwambia kingefika. Akasema, "Basi utasomeshwa kwamba bibi yako hakuwepo."

Alhamisi iliyofuata alivaa buibui lake la Idi, akaliacha jiko mikononi mwangu, akaingia ukumbini na kusimama nyuma mpaka mhadhara ulipokwisha. Nilichungulia dirishani. Alimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikiwa, kisha akamweleza habari ya Mwana Hadia mbele ya watu wote. Wanaume wawili watatu walicheka. Mwalimu Hemedi aliwatazama, wakaacha.

"Mama, sikatai," alisema. "Lakini masimulizi ya nyumbani siwezi kuyapeleka kwa wapiga chapa peke yake. Niletee kitu cha kushika mkononi."

"Nitakileta," alisema shangazi, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Jumamosi tulipanda lori la nazi lililokuwa likirudi tupu Kigombe. Baba alipoelezwa tulichofuata alichukia kidogo. Alisema watu wanakunywa maji, hawanywi jina, na kwamba dada yake angejitia aibu mjini kwa jambo lisiloongeza hata mnazi mmoja. Shangazi hakubishana. Alimwomba kamba tu. Bibi yake alikuwa amemwambia, alipokuwa mdogo kama mimi, kwamba kuna jiwe lenye maandishi ndani ya kisima, chini kidogo ya mdomo wake. Tangu hapo hakuna aliyelitazama. Tuliinama ukingoni tukaona utelezi wa kijani umefunika mawe yote sawasawa. Mtu mzima asingeweza kujigeuza mle. Baba alinitazama, akamtazama dada yake, akashusha pumzi, kisha akanifunga kamba ya katani kwapani kwa mafundo matatu, akajizungushia ncha ya pili kiunoni mwake.

Nilishushwa nikiwa na makumbi ya nazi ya kusugulia, na penseli na daftari mfukoni. Kulikuwa na baridi ambayo sikuitarajia, na kila nilichosema kilinirudia kutoka chini. Nilisugua jiwe moja, la pili, la tatu, vidole vikichubuka, na kila mara baba aliuliza kama nimechoka na shangazi akasema nisugue lililo kushoto. La tano lilikuwa na mikwaruzo ambayo haikuwa mikwaruzo. Nilipiga kelele. Nilijaribu kuyanakili yale maandishi ya Kiarabu kwa penseli, lakini kamba ilinibembeza na herufi zikaharibika. Ndipo shangazi akaniteremshia karatasi ya kaki ya kufungia sukari na kipande cha mkaa, akaniambia niibandike karatasi juu ya jiwe nipake mkaa taratibu. Herufi zikatokea zenyewe, nyeupe katikati ya weusi. Nilipopandishwa, shangazi, ambaye hakujua herufi za Kizungu lakini alisoma za Kiarabu tangu chuoni alikosomea Kurani, aliishika karatasi akasoma kwa kidole. Baba alisimama nyuma yake bado amefungwa kamba. Baadaye nilimwona baba ameinama peke yake ukingoni akilitazama lile jiwe.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, shangazi aliitandika karatasi mezani. Mwalimu Hemedi alivaa miwani, akaisoma muda mrefu. Palisomeka "Hadia binti", kisha jina la baba likawa limevunjika, na chini yake neno sabili.

"Mwaka uko wapi?" aliuliza.

"Mwaka umeliwa na maji," shangazi alijibu. "Sikuletei nisichokiona."

Karani mmoja alisema huenda mwanamke huyo alikikarabati tu. Mwalimu alikubali kwamba huenda, kisha akawageukia watu. "Nilisema kisima kile ni cha Wareno. Nilikosea. Sikujua, nikasema kama anayejua. Nitaandika jiwe linavyosema, na pale linaponyamaza nami nitanyamaza."

Kitabu kilifika shuleni mwaka uliofuata. Habari ya kisima ilikuwa sentensi mbili. Nilimsomea shangazi jioni, akaniomba nirudie mara moja, kisha akaniambia niendelee mbele, maana alitaka kujua mwalimu ameandika nini kuhusu Pangani.

Nami nilikuja kuwa mwalimu. Nimehudhuria semina nyingi katika kumbi zenye viyoyozi, ambako wanawake huketi mbele na kipaza sauti humfikia kila mtu, na nashukuru kuishi mpaka kuyaona hayo. Lakini kukiri kosa waziwazi namna ile, mbele ya wapagazi na muuza vitumbua, sijakusikia tena. Wala sijaona wengi wanaofunga safari kwa ajili ya sentensi mbili. Nilifundisha miaka thelathini, na nikijihesabia kwa haki, mimi mwenyewe safari kama hiyo nimeifunga mara moja tu, ile ya lori la nazi.