Ukoo wa Programu ya Hidaya

Ninachowasimulia hapa hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwapo kuna siku nakitilia shaka. Lakini mimi ndimi mjomba wa Hidaya, na kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Habari zake nina haki nazo.

Miaka ile ya biashara huria, kila mwenye mlango mtaani kwetu Mwembesongo aliugeuza duka. Wenzake Hidaya waliuza mitumba. Yeye akanunua kompyuta, akawa anawauzia wenye maghala programu ya kutunza hesabu za mali, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Dar. Watu wakimuuliza anauza nini, anajibu kitu kisichoshikika. Wakamwonea huruma.

Mara kampuni ikasema Morogoro nzima itapata wakala mmoja tu. Mtu wao, Bwana Stephano, angekuja kuangalia nani anauza, nani anafundisha, nani anatengeneza na nani anamtegemea nani. Hidaya akiukosa uwakala huo, anafunga mlango.

Akachora ukutani kwa chaki: visanduku na mishale. Yunusi, fundi wake, Mnyamwezi na kwa hiyo mtani wetu tangu enzi za mababu, akauliza kwa nini amechomwa mshale wa tumbo. Mwalimu Stella, aliyekuwa akiwafundisha wateja, akakataa kukaa kwenye kisanduku kilicho chini ya Yunusi.

Hapo akili yangu ya darasa la sita ikafanya kazi ambayo vyuo vimeshindwa. Nikamwambia mpwa wangu afute yote, achore ukoo. Programu ndiyo mtoto. Hidaya ndiye mama, yuko naye mgongoni. Kampuni ni mjomba, mwenye mtoto na mwenye lawama zake. Mteja mpya ni mwali, Stella kungwi wake. Yunusi abaki mtani, kazi anaijua.

Wote wakaelewa. Balaa ni kwamba walielewa mno.

Stella alimchukua Kasimiri, mwenye ghala la mpunga kule Turiani, mzee mwenye wajukuu, akamweka ndani chumba cha nyuma, marufuku kutoka mpaka ajue kufunga hesabu za mwezi. Kasimiri akatii. Mkewe akawa anamletea uji.

Siku Bwana Stephano alipowasili, programu ya Kasimiri ikafa. Kioo kikawa cheusi, hesabu za mavuno hazionekani. Hidaya akamwita fundi. Yunusi, badala ya bisibisi, akaja na sanda. Akaifunika kompyuta, akapanda mezani, akalala ubavuni mwa marehemu huku akimtukana: alikuwa mlafi wa umeme, sasa atakula udongo. Akatangaza kwamba hashuki mpaka wafiwa wamtoe kwa pesa, ndiyo desturi ya watani. Na kwa kuwa mtani msibani hanyimwi, akamvua mgeni viatu, akavivaa.

Hidaya alishika kichwa. Uwakala aliuona unapanda basi la Dar.

Bwana Stephano, akiwa na soksi tu, akauliza swali lililomleta. "Programu ikimharibia mteja kazi, nani anawajibika?"

Miji mingine yote aliyopita, fundi alimsonta muuzaji, muuzaji akamsonta mteja. Hapa vidole vyote vilimwelekea yeye. Mzee Kasimiri akachungulia mlangoni, akamwamkia yule kijana kwa adabu zote:

"Shikamoo, mjomba. Mtoto wako amenimezea mpunga."

Bwana Stephano akaitikia marahaba kabla hajajijua. Akishaitikia, atakataaje? Akakiri mtoto ni wao, akapiga simu Dar watume fundi mkuu na programu mpya, kisha akamwambia Hidaya uwakala ni wake, maana hajapata kuona mahali ambapo kila mtu anajua lawama ni ya nani. Akaulizia viatu vyake.

"Vumilia, mjomba," Yunusi akamwambia, "hatujazika."

Ndipo Bwana Stephano akanigeukia mimi, akainama mbele ya umati uliojaa mpaka barabarani, akasema kampuni nzima itahamia Uluguru ili niwe mkurugenzi wake mkuu, na gari la—

"Mjomba," anasema Hidaya, kumbe amesimama nyuma yangu anasoma ninavyoandika, "yule alikuuliza choo kiko wapi."