Wimbo wa Leonia

Leonia alipoolewa na Sylvester alijua kabisa kwamba anaolewa na gitaa pia. Hakujali. Alikuwa binti wa wakulima wa Igalula, na kijana yule wa Tabora mjini aliyekuja kupiga gitaa kwenye harusi ya binamu yake alimwingia moyoni kabla hajamaliza wimbo wa pili. Wakafunga ndoa kanisani, akahamia mtaa wa Chemchem, pale Tabora mjini, kwenye nyumba ya mama mkwe wake, Bernadeta, mjane aliyejaliwa mtoto huyo mmoja tu.

Hawakukaa sana. Sylvester alisikia kwamba huko Nairobi wapo Wazungu wanaotengeneza santuri za waimbaji wa Kiafrika, akapanda treni ya Mwanza, gitaa mgongoni. "Nikishaimba narudi," alimwambia mkewe pale stesheni. Miaka ile ya Waingereza wanaume wengi waliondoka hivyo, wengine kwenda kwenye mkonge, wengine migodini, na wake zao wakabaki kuwatunza wazee.

Sylvester hakurudi. Ilikuja santuri.

Aliileta Silasi, gadi wa treni, ambaye alikabidhiwa huko Mwanza na mpiga gitaa mmoja aliyeshuka kwenye meli ya Kisumu. Siku hiyo Leonia alikuwa kwao Igalula, kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi alipokewa kwa vigelegele tangu njiani. Sylvester ameimba! Tena amemwimba mkewe! Bernadeta mwenyewe ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani, kitenge chake kipya begani.

Leonia akakimbilia gramafoni, sanduku la kukunja ambalo mumewe aliliacha chini ya kitanda. Akazungusha hendeli mpaka kamani, springi yake ya ndani, ikakaza, akateremsha sindano. Santuri ilizunguka ikipanda na kushuka kama mtu anayechechemea. Ilikuwa imepinda upande mmoja, na karatasi ya jina katikati yake ilikuwa imebanduka.

"Joto la safari," Bernadeta alisema. "Nimeikuta hivyo hivyo."

Sauti ilitoka kwa shida, mikwaruzo mitupu, gitaa likijikokota kama limelewa. Lakini katikati ya vurumai ile ilisikika sauti ya mwanamume ikiita: "...nia wee, ...nia wangu." Wanawake waliojaa mlangoni wakapiga vigelegele tena. Leonia akajifunika uso kwa khanga na kulia kwa furaha.

Furaha ile ndiyo iliyokuja kumfunga. Tangu siku hiyo hakuitwa tena Leonia. Aliitwa mke wa santuri. Akienda sokoni akachelewa kidogo, mtu humuuliza, "Mke wa santuri, ulikuwa wapi?" Akisimama kuzungumza na mwanamume, hata fundi baiskeli, habari hufika nyumbani kabla yake. Ngoma za harusi hakwenda, kwani nani angempeleka? Misimu ikapita. Sylvester hakuleta neno wala salamu, na kaka yake Leonia, Lugembe, akaja kutoka Igalula kutaka kumchukua dada yake arudi kwao. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakamsikiliza Lugembe kwa adabu, halafu mmoja wao akasema, "Mume aliyemtaja mkewe mbele ya ulimwengu mzima, wewe unasema amemtupa?" Lugembe akawaaga wazee. Akarudi na treni peke yake.

Leonia aliisindikiza treni ile kwa macho, kisha akarudi kumpikia mama mkwe wake ugali.

Hakumchukia Bernadeta. Alimwita mayu, yaani mama, kama wanavyoitana Wanyamwezi majumbani, na mwanamke yule hakuwahi kumtolea neno baya. Ila miguu ya Bernadeta ilianza kuvimba, masikio nayo yakaanza kuziba, na kila udhaifu wake mpya ukawa kamba nyingine kwenye mwili wa Leonia. Maji, kuni, shamba la karanga, dawa, yote yalimngoja yeye. Mchana, kazi zikipungua, alikaa kwenye kile chumba chenye dirisha dogo akapiga santuri yake. Na kadiri sindano ilivyozidi kuchakaa ndivyo sauti ya mumewe ilivyozidi kuzama. Akaona kwamba uso wa Sylvester ameanza kuusahau. Sauti nayo ikipotea, atakuwa anamngoja nani?

Hapo ndipo alipoamua kuitengeneza. Alitaka asikie, japo mara moja, mumewe akilitamka jina lake vizuri, tangu mwanzo wa neno mpaka mwisho.

"Iache," Bernadeta alimwambia alipomwona ameifungua gramafoni juu ya mkeka. "Inatosha hivyo hivyo."

"Haisikiki, mayu."

"Mimi naisikia."

Leonia akadhani ni uoga wa wazee wa kugusa vitu vya mashine. Akaendelea. Sindano mpya za chuma hakuwa na uwezo wa kuzipata, akakata miiba ya mgunga iliyokauka, akachagua ile minyoofu, akainoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa nyembamba. Mwiba wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulipita kwenye mistari ya santuri bila kupiga kelele, na mikwaruzo ikapungua nusu yake. Akashangaa: kumbe makelele mengi yalikuwa ya sindano kuukuu, si ya wimbo.

Kutoka hapo hakuweza kuacha. Alikifungua kichwa cha gramafoni, kile kiduara kinachoshika sindano, akakuta mpira unaobana ngozi yake ya ulanga, ile inayotoa sauti, umekauka na kukatikakatika. Akaenda kwa Ngollo, fundi baiskeli, akaomba kipande cha tyubu iliyotupwa, akakikata pete kwa wembe na kukipachika. Shingo ya gramafoni ilikuwa ikivuja sauti kwenye kiungo. Akaiziba kwa nta ya nyuki, ambayo Tabora haijawahi kuwa adimu. Aliiosha santuri kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, akaona maji yanageuka meusi kwa masizi. Masizi hayo yalimshangaza kidogo, maana santuri haikukaa jikoni kamwe. Hakuyafikiria zaidi.

Kulibaki kule kupinda. Akateremsha picha mbili za watakatifu zilizokuwa ukutani ili atoe vioo vyake.

"Sasa unawavua watakatifu?" Bernadeta aliuliza. "Leonia, mwanangu, nakuomba. Utaipasua. Nitabaki na nini cha mwanangu?"

"Haitapasuka, mayu. Nitaangalia."

"Nimesema iache!"

Alikuwa hajawahi kumfokea hivyo. Leonia alisita, vioo mkononi. Miaka yote alikuwa ametii kila neno katika nyumba ile, na angetii hata hilo, ila ndani yake kitu kilikataa. Alitoka nje, akailaza santuri katikati ya vioo viwili, akaiweka juani juu ya ubao ulionyooka. Joto lilipoilainisha, vioo vikaikandamiza taratibu. Akaihamishia kivulini, akaingoja ipoe akiwa amechuchumaa kando yake kama mtu anayelinda kuku.

Aliporudi ndani Bernadeta alikuwa ameketi kitandani, ameelekea ukutani.

Leonia akaweka gunia lililokunjwa chini ya gramafoni ili isimame sawa. Akazungusha hendeli. Akateremsha mwiba.

Gitaa lilitoka safi, kila uzi na sauti yake, kama vile Sylvester ameketi kwenye kigoda pale pale. Leonia aliweka mkono mdomoni. Halafu mwanamume akaimba.

"Eujenia wee, Eujenia wangu, mlango wako ndio mlango wangu."

Akadhani amekosea. Akainua mwiba, akaurudisha mwanzo. Eujenia. Akapiga tena. Eujenia, wa Nairobi, ambaye kwenye ubeti wa pili alisifiwa mwendo wake na nyumba yake yenye taa. Wimbo ukaisha, santuri ikaendelea kuzunguka, na ndani ya chumba ikabaki sauti ya mwiba tu ikipita pasipo na wimbo.

"Mayu," alisema hatimaye. Akainua sauti ili mama mkwe asikie. "Mayu, umesikia?"

Bernadeta hakugeuka. "Nilisikia siku ile Silasi alipoileta. Masikio yangu yalikuwa bado mazima, na santuri ilikuwa mpya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kupinda?"

Mwanamke yule akageuka sasa. Macho yake yalikuwa makavu. "Niliiweka kando ya jiko. Niliitazama inavyolegea. Nilipoona imetosha nikaitoa, nikaenda kuwaambia watu kwamba amekuimba wewe. Ungeondoka, Leonia. Ungesikia jina lile ungefunga mzigo wako siku hiyo hiyo, na mimi ningebaki na kuta hizi. Sauti ya mwanangu niliiharibu mwenyewe, sikuisikia tena ikiwa safi mpaka leo."

Leonia akainua mwiba kwenye santuri. Alitoka akaenda kuchota maji, kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu. Kisimani wanawake walimsalimu, "Mke wa santuri, habari za nyumbani?" naye akajibu, "Nzuri."

Safari hii ni yeye aliyewaita wazee, na Lugembe akaja. Leonia aliwapigia santuri tu. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, vichwa chini. Kabla yeyote hajafungua mdomo, Bernadeta alisema kutoka mlangoni alipokuwa ameshikilia mwimo, "Kosa si lake wala si lenu. Ni mimi niliyewadanganya. Mwacheni aende kwao." Hakueleza zaidi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Padre naye aliendewa. Alimpa pole Leonia kwa moyo wote, lakini akasema ndoa ya kanisani inaendelea maadamu mume yu hai, na mume alikuwa hai, tena anaimba.

"Basi tuondoke," Lugembe alimwambia dada yake. "Angalau utakuwa kwetu."

Leonia alifunga mzigo wake. Asubuhi ya treni aliingia kuaga, akamkuta Bernadeta anajaribu kuinuka ili amsindikize kama desturi, miguu imemkatalia. Alikuwa ameshika kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na hakuomba msaada.

"Mayu, twende wote Igalula."

"Mama wa mume akakae kwa wakwe zake? Baada ya aibu hii? Hapana, mwanangu. Wewe nenda. Utachelewa."

Leonia alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Huko nje Lugembe alikuwa akimwita. Hakuna aliyemshika sasa, wala wazee, wala majirani, wala wimbo. Alimtazama mwanamke yule aliyemwibia miaka yake, akaona wazi kwamba akiondoka hatakuwepo mtu wa kumpa hata kata ya maji. Akauma meno. Akatua mzigo.

"Umenifunga vizuri," alisema kwa uchungu, akaenda kumwinua.

Alikaa naye mpaka mwisho. Kwa muda mrefu hawakuzungumza ila mambo ya chakula na dawa, na zipo siku Leonia alimwogesha huku amemkasirikia. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Hakutaka kusema uongo. Bernadeta naye hakuwahi kuomba. Alifariki wakati wa mvua, na waliomzika walisema mkwe wake alilia kuliko watoto wa tumbo la mtu.

Baada ya matanga Leonia alirudi Igalula. Lugembe alimpa sehemu ya shamba karibu na reli, akalima karanga na viazi, akajenga chumba chake. Hakuolewa tena, kanisa halikuruhusu. Abiria wa treni waliokuwa wakinunua karanga zake walikuwa wakimuuliza mara kwa mara, kama watu wanavyouliza, mumeo yuko wapi, mama? Alikuwa akiwajibu, "Nairobi," kisha akainua kikapu chake cha karanga kwenye dirisha linalofuata.