Mawe ya Uani kwa Katibu

Ndugu wasomaji, nasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia sokoni Lukozi.

Mimi ni katibu wa kijiji chetu cha ujamaa, na sheria hii niliipigania mimi: asitandaze mtu mawe uani wala kujenga ukuta kabla kamati haijakagua maji yatapita wapi. Jirani yangu Mama Kaniki aliomba kaukuta tu, nikamkatalia. Kisha nikatandaza mawe uani kwangu kote, nikayaziba kwa saruji, pakapendeza. Kibali sikuomba. Ningemwomba nani, na mhuri ninao mimi?

Mvua kubwa ya kwanza ikafukia kwa tope maharage ya Mzee Shemdoe, mteremkoni chini yetu. Nikaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba ikaja na jembe.

"Tufuate mkondo wa maji mpaka kwa huyo mkaidi," nikahutubia. "Mawe yake tuyang'oe leo leo."

Nikatangulia mbele kwa madaha, nina hakika tunakwenda kwa Mama Kaniki. Alikuwa nyuma yangu na jembe lake. Tulipofika kwake, mkondo ukapita kando ya jiko lake bila kuingia, nasi tukaendelea kuufuata kupanda.

Mke wangu alikuwa uani kwetu, anasukumia maji mteremkoni kwa ufagio.

"Shikamoo Mzee Shemdoe. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akashusha jembe begani, akanigeukia kwa adabu zote.

"Ndugu Katibu, tuanze kung'oa upande upi?"