Usihame Meza Nyama Ikiwa Motoni

Nakumbuka jioni moja ya Agosti, mwanangu, nilipokuwa bado kijana. Namaanisha mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, sauti yangu ikipasuka kama redio ya mlinzi. Sasa niko kidato cha nne, nimeona mengi, magoti yananiuma (ni mpira, lakini yananiuma), na wewe mono, mgeni wa kidato cha kwanza uliyeletwa bwenini juzi na sanduku linalong'aa una haki ya kupewa hekima kabla hujapewa kazi ya kufagia. Kaa hapo kwenye ndoo. Usiguse mkate wangu.

Sisi ni watu wa Woodley, zile nyumba za zamani za kaunsili zenye ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Tulikuwa watatu: mimi, baba, na Anti Wambui, dada yake mdogo. Mama alifariki nikiwa nasari. Anti akaja kutusaidia kwa mwezi mmoja, halafu ule mwezi ukasahau kuisha. Ndiye aliyenifunga kamba za viatu, akanikaripia, akanipikia, akanikaripia tena. Baba alizoea. Mimi nilizoea zaidi.

Basi akatokea bwana mmoja anaitwa Mutua. Mtu wa Machakos, mfanyakazi wa serikali katika ofisi moja mjini, ameokoka, anatembea polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alitaka kumwoa Anti. Lakini hangeweza kuwaleta wazee wake kwetu mpaka baba aseme neno moja tu: waje. Bila hilo neno hakuna harusi, na Anti alishasema waziwazi kwamba hatatoka nyumbani kwa ndugu yake kama mwizi. Kwa hivyo maisha yote ya Mutua yalikuwa yamekaa kwenye ulimi wa baba yangu, mahali ambapo hata mimi singeacha baiskeli.

Baba naye alikuwa na sheria yake. "Habari ya binti wetu haizungumzwi mdomo mtupu," alisema. "Jumamosi tutatoka. Nyama ikifika mezani, tutaongea."

Jumamosi Mutua akaja na kigari chake cheupe. Anti akanivuta kando. "Enda nao. Ukiona baba yako ameanza kuimba, mrudishe."

"Na Mutua akianza kuimba?"

"Huyo ataimba tenzi za rohoni. Mwache."

Baa ya kwanza ilikuwa hapo hapo mtaani. Ni nyumba kama yetu, ambayo mwenyewe aliigeuza baa bila kubomoa ukuta hata mmoja. Bia inauzwa kwenye dirisha la jikoni. Wateja wa heshima hukaa sebuleni, wenye siri hukaa chumba cha watoto, ambacho bado kina picha za bata ukutani. Sisi tukapewa chumba cha watoto. Baba akaenda kwenye buchari, yaani gereji inapouzwa nyama, akachagua mbavu za mbuzi, zikapelekwa motoni. Akarudi na chupa yake moja. Mimi na Mutua tukaletewa soda, kila mtu na sababu zake: yeye Mungu, mimi Anti.

Hapa nikuambie jambo, mwanangu, maana nyinyi wa siku hizi mmezoea chipsi. Nyama choma haiharakishwi. Unaiona ikiwa mbichi, unainyooshea kidole, kisha unangoja. Ule muda wa kungoja ndio wenyewe. Ndipo watu wazima huuziana mashamba na kusameheana. Nyama ni kisingizio chenye mafuta.

Mutua akaweka mikono magotini. "Mzee, kuhusu lile jambo letu..."

"Nyama kwanza," baba akasema.

Tukangoja. Sebuleni watu walikuwa wanabishana juu ya mpira, mama mmoja anawashinda wote. Harufu ya mbavu ikaanza kuingia mlangoni, na hapo hapo baba akasimama. "Hii itachukua muda. Twende mjini tungojee huko. Tutarudi."

Nani huagiza nyama Woodley akaingojee mjini? Lakini mimi nilikuwa kijana, na mjini ni mjini. Nikasema, "Mutua, usishangae. Baba anaogopa wale bata." Baba akacheka mpaka kwenye gari.

Baa ya pili ilikuwa juu ya duka la vitambaa, mtaa mmoja wenye kelele katikati ya mji. Nusu yake ni baa na nusu ni kinyozi, na mpaka kati ya hizo mbili ni pazia. Ukutani kumeandikwa: HATUNYOI WALEVI. Ukiketi vizuri unaweza kunyolewa ukinywa supu ya kichwa kwenye kikombe cha bati, na nilimwona mzee mmoja akifanya hivyo, nywele zikiingia anapojua mwenyewe. Mlangoni kuna jamaa anakata mutura ya moto, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kwenye ubao, kwenye kona kuna mtu mmoja na gitaa lake, anapiga nyimbo za Kikuyu za mugithi, yaani treni, na wateja wameshikana viuno kama mabehewa, wanazunguka meza, wanapita hadi kwa kinyozi na kurudi. Treni hiyo ilimchukua baba. Ikamchukua na Mutua pia, akienda kwa uangalifu uleule wa mayai yake.

"Wakamba si mnasemekana mnajua kucheza?" baba akamchokoza walipokaa.

"Tunaruka, mzee. Huku paa ni fupi."

Baba akampenda kwa lile jibu. Niliona. Simu yake ikalia, alikuwa mchomaji wa Woodley. "Mzee, mbavu ziko tayari."

"Ziweke kwa moto mdogo, tunakuja."

Hatukuwa tunaenda popote. Baba akaagiza mutura na supu. Kisha akazungusha chupa yake mezani, akaitazama meza kama imeandikwa kitu. Baba akafungua mdomo.

"Unajua, Mutua, huyu Wambui..."

"...anakoroma," nikamalizia.

Mwanangu, ulikuwa utani mzuri. Hata leo naweza kuutetea. Jamaa wa gitaa alicheka na hakuwa hata ametusikia vizuri. Baba alicheka mpaka akafuta macho, akapiga meza, akasimama. "Kijana huyu! Haya, twende Westlands. Kuna mahali wanachoma mguu wa mbuzi, utasahau jina lako." Mutura ndiyo kwanza ilikuwa inakuja, ikamkuta mtu anavaa koti.

Kwenye ngazi baba alitangulia, akasimama kusalimiana na mtu aliyemjua. Mutua akanisubiri.

"Kimani."

"Naam."

"Utani wako ni mtamu. Hata mimi nimecheka. Lakini uliona baba yako amefungua mdomo?"

"Niliona."

"Alikuwa na kitu. Wewe ukamfungulia mlango, akatoka. Kule Woodley pia ulimfungulia." Hakuwa na hasira. Alisema vile mtu anavyokuambia kamba ya kiatu chako imefunguka. "Sasa mimi naomba kitu kimoja. Huko tunakoenda, uache mlango ufungwe."

Nikainama, nikaangalia kamba za viatu vyangu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mwalimu wetu wa Kiswahili aliwahi kutuandikisha methali hiyo adhabu nzima kwa sababu yangu. Niliiandika nikijua ni habari ya vidonda. Nilikaa kiti cha nyuma nikijiuliza kwa nini kila baba akikaribia kusema nilikuwa na neno tayari. Anti akiondoka, mimi mwenyewe sikujua kupika hata ugali. Nakuachia hapo.

Baa ya tatu iko njia ya kuelekea Spring Valley, na kabla ya kuwa baa ni mahali pa kuoshea magari. Unaingia, gari lako linachukuliwa na vijana wenye gambuti na sabuni, wewe unakaa kwenye nyasi unakula ukilitazama likioga. Kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mama fulani, watu wamevaa kofia za karatasi, na waoshaji wakicheza na matambara yao mabegani. Baba akachagua mguu wa mbuzi. Mutua akaenda kuongea na wale vijana wa maji, akarudi, akakaa.

Hakusema tena habari ya lile jambo. Waliongea juu ya mvua, juu ya maembe ya Machakos, juu ya mwajiri wa baba. Mguu ukaanza kunukia. Kama saa iliyotegwa, baba akasimama.

"Kuna mahali Kitisuru, wanachoma kuku..."

"Sawa, mzee," Mutua akasema. "Lakini gari inaoshwa."

"Waambie waache."

"Wametoa viti."

Tukageuka. Kigari cheupe kilikuwa kimesimama chini ya balbu, milango wazi, ndani tupu kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Viti vyake vilikuwa kwenye nyasi, vimejaa povu, isipokuwa kimoja ambacho bado hawajakifikia.

Baba akavitazama viti. Akamtazama Mutua. "Wewe ndiye umewaambia watoe viti?"

"Niliwaambia waioshe vizuri."

"Mkamba wewe."

"Ndiyo, mzee."

Baba akasema basi atatembea kwa miguu. Akaenda kweli, mpaka getini, akatoka. Kitisuru ni mbali, mwanangu, na barabara ile usiku ni ua mrefu, giza, na mbwa wa matajiri wanaokusindikiza kwa ndani ya ua hadi ukome. Mutua hakumfuata. Nyama ikaletwa kwenye ubao, na mchomaji akainua kisu. Mutua akamwambia, "Ngoja kidogo, mwenyewe anakuja."

"Na asipokuja?" nikamuuliza.

"Basi utakula wewe, nami nitarudi nyumbani nikiwa nimejua jibu."

Alisema hivyo akitazama chumvi. Aliisogeza kushoto, akairudisha kulia, akaisogeza tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba yule mtu wa mayai alikuwa na hofu tangu saa tulipotoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sijawahi kuona ngama, bahari yenyewe nimeiona kwenye kalenda, lakini baba alirudi.

Watu wa sherehe walikuwa wamechukua kiti chake. Akakiendea kile kiti cha gari kilichobaki kikavu, akakivuta, akakaa. Akawa kama mtu aliye ndani ya gari lisiloenda popote, mikono mapajani, uso umeelekea mbele. Mwanangu, nilikuwa na utani hapo. Ulikuwa umeiva. Ningeusema, hata waoshaji wangeanguka kwenye ndoo. Nikaupakia kachumbari, nikaumeza.

Mchomaji akakata. Baba akachovya kipande kwenye chumvi, akala, akatafuna muda mrefu. Hakuna aliyemchekesha.

"Nyama ni nzuri," akasema.

Tukangoja.

"Mama ya huyu alipotuacha, Wambui alikuwa msichana. Alikuwa na kazi yake Thika, na marafiki zake. Akaacha. Sijawahi kumwambia asante, hata siku moja. Namuuliza tu mbona chai haina sukari." Akachukua kipande kingine, akakirudisha. "Sasa nikikuambia wewe waje, nitakuwa nimempa ruhusa ya kwenda kabla sijamwambia asante. Ndiyo maana mbavu za Woodley zimechomeka bure leo."

Mutua hakujibu kwa hotuba. Alisema tu, "Mwambie, mzee. Mimi nitangoja."

Baba akatoa simu. Alipiga mwenyewe, kwa sauti ya watu wa zamani, wanaodhani simu ni bomba na maneno lazima yasukumwe.

"Wambui. Ni mimi... Hapana, hakuna aliyeumia... Yuko hapa, anakula... Nimekula pia. Sikia. Nilitaka kukuambia asante. Ya miaka yote hii. Ya huyu kijana, na yangu."

Hata mama wa kofia ya karatasi alikuwa ametugeukia. Halafu tukasikia sote, maana simu ile ilikuwa inavuja sauti: "Kwani umelewa?"

"Bado," baba akasema, na akaifunga, na macho yake yakawa na maji ambayo hakuyasingizia moshi. Kisha akamgeukia Mutua. "Waambie wazee wako waje."

Mutua akainamisha kichwa, akakaa hivyo. Mimi nikapewa mfupa, nikaushughulikia.

Anti aliolewa Desemba. Tumebaki wawili sasa, na ninapopika ugali baba huuliza kama ni wa kula au wa kujengea ukuta. Hiyo ni habari nyingine.

Sasa shika nasaha, kisha urudi kitandani kwako. Sikufundishi baa. Baa zipo, na umri wako bado haujafika, na soda haijawahi kumuua mtu. Ninachokufundisha ni kukaa. Mtu mwenye neno zito atakuhamisha meza baada ya meza. Atasema kule kuna muziki, kule kuna kuku, kule supu ni tamu zaidi, na neno lenyewe linazidi kumpoa kifuani. Usimfukuzie kila mahali, na usimfungie njia kwa kelele. Keti, umwachie nafasi, awe na pa kurudi. Na wewe ukiwa na kipaji cha kuchekesha kama mimi (bado huna, nimekusikiliza), jua kwamba kicheko ni kitu kizuri, lakini kuna watu hukitumia kutorokea. Usiwe wewe unayewafungulia. Ukiona mtu mzima amefungua mdomo na hakijatoka kitu, jaza wako chakula.

Mungu akukuze mpaka kitanda hicho kisikutoshe. Akupe meno ya kukufikisha uzeeni, na watu wa kukupikia ambao utawashukuru mapema, wangali wamesimama jikoni. Na siku utakapokuwa na neno lisilotaka kutoka, akukutanishe na mtu asiye na haraka. Haya, lala. Kesho asubuhi wewe ndiye wa kufagia.