Mlango wa Barabara ya Juu

Mtoto wa dada yangu tunamwita Pasi, kwa sababu kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, na kwa sababu akishikilia jambo lazima linyooke. Kutwa yuko kwenye mvuke. Akirudi nyumbani, badala ya kunyoosha miguu kama watu wengine, anafungua kompyuta yake kuukuu anacheza ule mchezo wa maisha: unaumba vijitu, unavijengea nyumba, unavitafutia kazi, na ukivisahau vinajikojolea sebuleni. Mwanamke mzima na akili zake! Mimi simung'unyi maneno, nilimwambia vijitu hivyo havitamzika.

Basi dada, mama yake Pasi, akaanguka kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika nyonga. Nyumba yenyewe alijenga na marehemu shemeji kwenye mteremko: chini gereji, juu vyumba vya kuishi, na kufika juu mpaka upande ngazi za nje kutoka barabara ya chini. Alipopona, ngazi zile akaziogopa kuliko nyoka. Tuliongeza vyuma vya kushikilia, tukajitolea kumbeba, wapi. Akahamia kwa mwanawe mkubwa, muuza matairi, akapewa chumba cha wageni. Kijana ana roho nzuri, sitamsingizia. Lakini dada yangu alikuwa anaomba ruhusa kuwasha televisheni. Yeye, aliyekuwa akinituma mimi dukani mpaka nikapata wajukuu!

Mwishowe mwanawe akasema nyumba iuzwe, mnunuzi aje Jumapili wamalizane. Dada akajibu, "Sawa." Ile sawa yake inaniuma mpaka leo.

Pasi hakukubali. "Nitaijenga kwanza humu kwenye mchezo," akaniambia, "nione mama atapita wapi."

Akaanza. Akabonyeza kitufe kimoja, kilima chote kikalala chali, nyumba ikakaa pazuri. Nikamwambia, "Hongera, mwanangu. Sasa kabonyeze na kule kwenu." Akafuta. Mara ya pili akauacha mteremko, akainua nyumba nzima juu ya msingi mrefu, mlango ukabaki unaning'inia hewani. Kijitu alichokiumba kwa sura ya mama yake, miwani na kilemba cha kijani, kikasimama chini kinapunga mikono mpaka kikajilowesha. Nilicheka nikashika mbavu. Pasi hakucheka.

Mara ya tatu akaamua kuupandisha udongo kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, kama ulivyo kweli. Hapo ndipo mchezo ukamtaka kitu ambacho sisi wote hatukuwahi kukiuliza: huku nyuma ya nyumba, ardhi iko juu kiasi gani?

Hakuna aliyejua. Nyuma ya vyumba vya juu ni stoo, imejaa magodoro ya zamani na masanduku hadi darini. Nyumba ilipojengwa, kule nyuma kulikuwa kichaka kitupu. Barabara ya juu ilichongwa huko baadaye, na sisi tulizoea kuingilia mbele. Kesho yake alipotoka kazini Pasi akazunguka huko kwa miguu. Akanipigia simu anahema.

"Mama mdogo, niko barabara ya juu. Nimeshika dirisha la stoo."

"Umepanda juu ya nini wewe?"

"Sijapanda kitu. Nimesimama tu."

Jumapili akaja kwa kaka yake kabla ya mnunuzi, akaweka kompyuta mezani mbele ya mama yake. Nyumba ilikuwa ile ile, hadi rangi ya mabati. Ngazi za mbele alikuwa ameziacha. Kule nyuma, stoo ikawa ukumbi mdogo wenye mlango. Kijitu cha kilemba cha kijani kikashuka kwenye teksi barabara ya juu, hakikuamriwa na mtu, kikafungua mlango wa nyuma, kikapita moja kwa moja hadi jikoni kukaanga mayai.

Dada akasogeza miwani. "Ngazi kapanda saa ngapi?"

"Hajapanda, mama. Anachagua njia ya karibu mwenyewe."

"Mtoe nje. Mwingize tena."

Pasi akamwingiza tena. Dada akanyoosha mkono akataka kipanya cha kompyuta. Akamtoa na kumwingiza yeye mwenyewe, mara nyingi, mpaka machozi yakamtoka na midomo inacheka.

"Mama," mwanawe akasema taratibu, "mnunuzi yuko njiani."

"Mpigie arudi. Mwambie mwenye nyumba anarudi kwake."

Kijana akamtazama mama yake, akatoka na simu. Jioni ile ile ndiye aliyeleta mafundi. Wakapima ukuta wa stoo, wakaweka lenta ya kubeba ukuta juu ya mlango, wakautoboa, na mbele ya mlango wakamwaga zege kidogo, tambarare.

Siku ya kurudi, teksi ikasimama barabara ya juu. Nilijisogeza nimshike mkono, akanisukuma kwa fimbo. Akaenda mwenyewe, pole pole, kifua mbele, akavuka kizingiti. Furaha ilinipanda nikapiga vigelegele. Kabla hatujamfuata, mlango ukafungwa usoni petu, tukasikia komeo.

Pasi akagonga.

"Nani?" dada yangu akauliza kutoka ndani, kwa sauti ya kuita mtaa mzima.