Nabana mkojo nikilinda dagaa, mume anasema nina mwanaume

Admin, naomba unifichie jina, wenzangu wengi tunaoanika nao dagaa Katonga wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka 33, naishi Kasingirima na watoto watatu na mume wangu, fundi seremala. Kazi yangu ni kuanika dagaa. Anayeanika anajua: ukigeuka tu kunguru wameshafika, au mvua imeshuka na mzigo umelowa. Choo kiko mbali. Basi mimi nilijizoeza kutokunywa maji tangu asubuhi, na nikibanwa na mkojo navumilia hadi jioni. Nilijiona mjanja kweli. Mtu mzima nakaa pembeni ya ziwa lote lile na midomo imenikauka.

Mwaka huu nikaanza kuungua nikienda haja ndogo, na tumbo la chini linauma. Zahanati wakapima, wakasema ni UTI. Nesi akanieleza kwamba kubana mkojo na kukaa bila maji kunaweza kuileta. Nikapewa dawa, nikapona, nikarudia mchezo wangu uleule, nayo ikarudi.

Hapo mume wangu akabadilika, akadai UTI ni ugonjwa wa zinaa na nimeutoa kwa mwanaume. Nilimweleza yote, nikamwomba twende wote akamsikie nesi mwenyewe.

"Mimi siumwi," akasema. "Nenda na huyo aliyekupa."

Akahamia chumba cha watoto. Iliniuma sana, jamani, maana sijawahi kumjua mwanaume mwingine.

Nilipotibiwa mara ya pili nilipatana na mama tunayeanika naye jirani, mmoja akienda chooni mwenzake anamwangalizia. Nikawa nakunywa maji, nikawa mzima kabisa. Kumbe mume alishamwambia dada yake, na wifi akayafikisha Katonga. Yule mama akahamishia dagaa wake upande wa pili bila kuniaga. Sasa nikisalimia wanaitikia huku wanaangalia pembeni, na mimi nimerudi kubana.

Juzi kuungua kumeanza tena. Nikienda zahanati, mume atasema huo ndio ushahidi. Nikinyamaza, nesi alishanionya kwamba inaweza kupanda hadi kwenye figo. Nikiacha dagaa, wanangu watakula nini?

Naandika haya nimekaa hapa mchangani, nimebanwa, na sina hata mtu mmoja wa kumwambia, "Niangalizie kidogo, narudi sasa hivi."

Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi?