Kompyuta Haina Watani

Digna wa maabara ya Mlabani alipaka slaidi rangi kama wengine wanavyounga mchuzi: haridhiki mpaka ikolee. Seli za shingo ya kizazi zilitoka mikononi mwake zikiwa zambarau kama zabibu, naye akazisoma kwa hadubini bila taabu miaka yote. Ndipo ikaletwa kompyuta yenye kamera, iliyofundishwa kwa maelfu ya picha kutambua seli zenye dalili mbaya na kuzizungushia duara jekundu. Siku ya kwanza zilipitishwa slaidi za wanawake wa kata ya Katindiuka, nayo ikawazungushia wote. Hakusalimika hata mmoja.

"Ina kiherehere," Digna akasema.

"Dada Digna, imezoea rangi hafifu," akajibu Gosbert, fundi wa kompyuta. "Wewe unaipa giza, lazima iogope."

Digna akanuna. Alipotoka akamkuta Agnella, muuza samaki, mmoja wa wanawake hao, akisubiri majibu barazani, akamwambia aende zake, hana neno.

Kesho yake, hasira zilipopoa, alizipunguza slaidi zile rangi na kuzipitisha upya chini ya kamera. Maduara yakatoweka moja baada ya jingine. La Agnella likabaki. Digna akainamia hadubini mwenyewe: viini vya seli vilikuwa vimevimba na kukunjamana. Akavua koti, akaenda sokoni.

Tatizo ni kwamba Agnella alikuwa mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, na Digna huyuhuyu, mpole kazini, ndiye aliyejilaza kaburini siku ya kumzika babu yake Agnella, kama watani wafanyavyo, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Nani angemwamini?

"Karibu, mla vya bure!" Agnella akapaza sauti, kisu kikiwa tumboni mwa kambale.

"Njoo kliniki leo. Kuna seli zinazotaka kuangaliwa zaidi."

"Haya! Jana sina neno, leo ninalo. Ukoo mzima mmekosa kitoweo, mnataka niiache meza mniibie?"

Wateja wakacheka. Digna akatazama chini, kisha akainua uso.

"Jana nilikosea. Rangi yangu ilizidi, nikailaumu mashine."

Kisu kikasimama.

"Hebu rudia."

"Nilikosea, Agnella."

"Mbele za watu hawa?"

"Mbele za watu hawa."

Agnella akakaa juu ya ndoo. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mtu wa ukoo ule akikiri kosa, hata la kukanyaga mguu wa mwenzake.

"Mama yangu! Basi ninaumwa kweli."

"Ni dalili za mwanzo. Zinatibika, ukija sasa."

Agnella akanawa mikono, akamwachia jirani meza, akajifunga kanga vizuri. Njiani akamshika Digna mkono kwa nguvu, na kila waliyekutana naye akamsimamisha ili Digna amwambie yeye pia kwamba alikosea. Digna, ambaye hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona, akasema kila alipotakiwa, kwa sauti ya kusikika, mpaka wakafika mlangoni pa kliniki.